Hodi Kwenye Ghala la Nyasi

Mifupa ilikuwa ya punda.

Askari wawili walikuwa wamechimba tangu asubuhi nyuma ya banda la ndege, mahali ambapo mwenye bustani ya wanyama alielekeza kwa kidole na kusema, "Tulimzika hapo. Kama hamwamini, chimbeni." Wakachimba. Kitu cha kwanza kutoka ardhini kilikuwa kwato. Inspekta aliipokea, akaifuta udongo kwa leso, akaigeuza huku na huku, kisha akaenda nayo hadi kwenye benchi la wageni alipokaa yule mama mwenye bustani, mjane mwenye miwani minene na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

"Mama, dubu wako alikuwa anavaa viatu?"

Mama aliitazama ile kwato. "Udongo wa hapa mbaya," alisema. "Huharibu vitu."

"Humharibu dubu akawa punda?"

Mama alifungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

Inspekta aliiweka kwato kwenye benchi kati yao, akaketi. Alikuwa mtu mzima, mzito, mwenye kusema polepole, na wenzake kituoni walimwita Kobe, ingawa si mbele yake. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuielezea. Mwaka uliopita simbamarara wa bustani moja ndogo ya wanyama alipita kwenye uzio uliooza akamuua mpita njia. Serikali ikatunga sheria: bustani ndogo za watu binafsi zisifuge tena wanyama wakubwa wa kigeni wenye kula nyama. Bustani hii ilikuwa na mmoja tu wa aina hiyo, dubu jike mzee aliyeachwa na sarakasi iliyofilisika, na watu wa humu walimwita Bi Mkubwa. Idara ya Wanyamapori ilipokuja kumchukua iliambiwa amekufa. Idara haikuamini, ikaomba polisi. Sasa lori la Idara lilikuwa limeegeshwa langoni, na Afisa wa Idara alikuwa ameegemea bodi lake akitafuna njiti ya kiberiti, akisubiri Inspekta amwambie kabla ya jioni dubu yuko wapi.

"Nakuuliza mara ya mwisho kwa upole," Inspekta alisema. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Yuko wapi?"

"Nimemuuza." Mama alilitoa neno hilo haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. "Basi. Nimesema. Kuna mtu ana lori la buluu, anapeleka wanyama bandarini. Kamchukua juzi."

Askari mmoja, aliyekuwa bado ameshika koleo, alisogea. "Afande, nipige simu bandarini?"

"Ngoja kwanza. Mama, huyo mtu alimpandishaje?"

"Kwa mbao. Mkwe wangu alimsukuma kwa nyuma."

"Dubu anasukumwa?"

"Huyu anasukumwa. Mpole kuliko wewe."

Askari alicheka, kisha akaona Inspekta hacheki, akaacha. Inspekta aliitafakari ile hadithi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na lori, rangi ya lori, mbao na mtu wa kusukuma. Ilikuwa nzuri hasa kwa sababu ingemtoa yeye na askari wake humu ndani na kuwapeleka bandarini, safari ya mchana kutwa, na lori la Idara lingewafuata. Mtu aliyeshindwa kuficha uongo wa jana ameleta uongo wa leo tayari umepikwa.

"Mkweo yuko wapi?"

"Analisha wanyama. Wanyama hawajui mambo ya polisi, wanataka kula."

"Nitakwenda naye."

Mkwe wa mama alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega ya kuinama, kaptula ya khaki, na pete ya funguo iliyoning'inia kiunoni ikigongagonga kila alipopiga hatua. Alipoambiwa Inspekta atatembea naye, alisema tu, "Karibu, afande, ila usiingize vidole," akaendelea na ndoo yake.

Inspekta hakumuuliza neno. Alimtazama mikono.

Kwa nyani, mkwe alirusha ndizi, akanawa kwenye bomba, kisha akalishika kofuli la banda na kulitikisa kabla ya kuondoka. Kwa mbuni, vivyo hivyo: chakula, maji, kofuli, tikisa. Kwa kasa, ambaye hata kama mlango ungekuwa wazi angefika nje mwezi ujao, alishika kofuli akalitikisa. Wakapita kwenye banda tupu lililokuwa na kibao cha fisi.

"Huyu alikwenda wapi?"

"Alikufa zamani. Uzee." Na huku akisema, mkono wake ulilishika kofuli la banda tupu na kulitikisa.

"Unamfungia nani?"

Mkwe aliutazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. "Mkono umezoea, afande. Baba mkwe alinifundisha hivyo siku ya kwanza. Alisema, usiulize kama kuna mnyama, uliza kama kuna kofuli."

Wakafika kwenye banda la dubu. Lilikuwa kubwa, lenye dimbwi la saruji lililokauka na gogo lililokwaruzwa hadi likawa jeupe. Mkwe alipita bila kugeuka. Mkono ulibaki mfukoni.

Inspekta alisimama. Banda la fisi aliyekufa zamani limetikiswa kofuli. Banda la dubu aliyeondoka juzi halikutikiswa. Mkono uliozoea hauachi mazoea siku mbili tu baada ya mnyama kuuzwa. Uliacha kwa sababu ulikuwa umehamia mlango mwingine.

Akaongeza mwendo, akamfikia mkwe karibu na ghala la nyasi, jengo la mawe lenye mlango wa chuma, ambalo zamani lilikuwa nyumba ya kulalia simba, enzi bustani ilipokuwa na simba. Jana askari walilifungua, wakaona nyasi kavu zilizofungwa marobota na kupangwa hadi darini, wakalifunga.

Mkwe alisimama mbele ya mlango ule. Akainua ndoo, akaigonga kwenye fremu, ngo, ngo, akakohoa.

Kisha akaganda.

Inspekta alisogea akasimama kando yake, kama mtu mwenye heshima anayemwachia mwenzake nafasi ya kumeza mate. "Kwa nyani hukugonga," alisema. "Kwa mbuni hukugonga. Hapa umepiga hodi."

"Kuna panya, afande. Nawafukuza."

"Panya wanapewa ndoo ya matango na samaki?"

Mkwe aliitazama ndoo. Kweli kulikuwa na matango na vichwa vya samaki, na wanyama wote wengine walikwisha kula.

"Fungua."

"Afande, mama kasema nisifungue hapa asipokuwepo."

"Wewe ni mtu mzima na funguo ziko kiunoni mwako."

"Ni mama mkwe wangu," alisema mkwe kwa huzuni. "Wewe unakuja na kuondoka. Mimi nalala humu."

Lakini alifungua. Nyuma ya mlango wa chuma kulikuwa na kijia kifupi cha saruji, chembamba, na mwisho wake mlango wa pili wa nondo. Nyuma ya nondo kulikuwa na nyasi hadi darini, kama walivyosema askari.

"Kuna kanuni," mkwe alisema. "Mlango wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Ukiingia, lazima nikufungie nyuma."

"Funga basi."

Inspekta aliingia. Mlango ulijifunga nyuma yake kwa uzito wake wenyewe, na akasikia komeo la nje likianguka mahali pake. Mwanga ulibaki ule uliopita kwenye tundu la juu ya mlango, tundu la kupitishia chakula, pana kiasi cha kutosha uso wa mtu. Alipojaribu kugeuka mabega yake yaligusa kuta zote mbili. Akasimama akitazama nyasi.

Robota moja la chini lilisogea.

Lilisogea kidogo, likasimama, likasogea tena, kisha likasukumwa pembeni, na kwenye pengo ikatokea pua nyeusi yenye maji, pana kama kiganja. Pua ilivuta hewa ya kijia kile kwa pumzi ndefu. Kisha ukafuata mkono. Ulipita kati ya nondo taratibu, wenye kucha ndefu za njano, ukaanza kupapasa sakafu upande wa Inspekta, kama bibi anayetafuta miwani yake.

Inspekta alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga chuma. Kucha zilikwaruza saruji karibu na viatu vyake, zikapumzika hapo. Kati ya mlango uliofungwa na mkono ule, nafasi aliyobakiwa nayo ilikuwa ya kusimama wima tu.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekwisha kumwona. Fungua."

"Usiogope, afande, haoni vizuri, ndiyo maana tunagonga. Akishtuka ndipo anapiga. Simama tu."

"Nasimama. Fungua."

Kisha sauti ya viatu kwenye changarawe, na sauti ya mama. "Mkwe, toka hapo mlangoni."

"Mama, yumo ndani."

"Najua yumo ndani. Nimewaona kutoka kule. Toka."

Uso wa mama ulijitokeza kwenye tundu, miwani ikimulikwa na jua kwa nyuma. Inspekta alilazimika kukunja shingo ili amtazame.

"Mama, kumfungia afisa wa polisi ni kosa jingine."

"Sijakufungia. Mlango umejifunga. Ndivyo ulivyoundwa." Akasogea karibu zaidi. "Nikuulize swali moja tu, maana wewe umeniuliza tangu asubuhi. Wanampeleka wapi?"

"Kwenye kituo cha Idara."

"Umekiona?"

"Sijakiona."

"Mimi nimekwenda. Nilipanda basi nikaenda kuangalia mwenyewe, mtu huwezi kumtoa wako bila kujua anakokwenda. Wamekusanya wanyama wa bustani zote ndogo. Mlinzi wa pale kaniambia, mama, rudi nyumbani na dubu wako, hapa hata panya wanapanga foleni."

Nyuma ya nondo, Bi Mkubwa alishusha pumzi. Hewa ya moto yenye harufu ya samaki na nyasi zilizolowa ilimjaa Inspekta usoni. Jasho lilimtiririka ndani ya kola, na hakuweza kuinua mkono kulifuta bila kuusogeza kiwiko karibu na zile kucha.

"Labda wamepata nafasi," alisema.

"Labda. Wewe ndiye mpelelezi. Lori lao umelipita langoni, mimi sijalisogelea. Wamembebea kizimba cha namna gani?"

Inspekta alikuwa na tabia ya kutazama kila kitu na kuweka akiba, atumie baadaye. Sasa alilirudia lile lori kichwani, kutoka bodi la nyuma hadi kibanda cha dereva. Turubai lililokunjwa. Kamba. Makoleo mawili. Mifuko kadhaa ya chokaa imepangwa pembeni. Alipoiona asubuhi alidhani Idara ina ujenzi mahali.

Dubu mzee ana uzito wa watu wengi. Husafirishwa ndani ya kizimba cha chuma, na kizimba hakifichiki chini ya turubai lililokunjwa. Turubai ni la kufunikia. Makoleo ni ya kuchimbia shimo. Chokaa humwagwa juu ya mzoga ili usinuke.

"Hawana kizimba," alisema.

Mama hakusema nimekuambia. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. "Alikuja hapa na mnyororo shingoni. Marehemu mume wangu alikaa siku nzima na msumeno kuukata, naye katulia, hakumgusa. Huyo hakuua mtu, Inspekta. Aliyeua ni yule simbamarara."

"Sheria haichagui, mama. Na mimi nimemwona. Siwezi kutoka hapa nikasema sikumwona."

"Ndiyo maana hujatoka."

"Utaniweka humu mpaka lini?"

"Mpaka lori liondoke."

"Haliondoki bila jibu langu."

Mama alifikiri. "Basi hapo tumekwama wote," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilionyesha uchovu.

Inspekta naye alikuwa anahesabu milango yake. Akisema kweli, dubu atakufa kabla ya magharibi, na yeye ndiye atakayekuwa amemuua. Akisema uongo, askari wake wawili wataligundua ghala kesho kama yeye alivyoligundua, na mama, mkwe na yeye mwenyewe watakwenda jela pamoja. Kila alikogeuka aligusa ukuta.

Kwa mbali, upande wa lango, sauti ya Afisa iliita, "Inspekta? Uko wapi, kaka? Jua linakwenda."

Mkwe alisema kwa hofu, "Anakuja huku."

Ndipo Inspekta alipouona mlango. Haukuwa mzuri, lakini ulikuwa mlango.

"Mama, nisikilize, na unijibu haraka. Kumficha mnyama aliyepigwa marufuku ni kosa la jinai. Nikikushtaki sasa hivi, dubu huyu anakuwa kidhibiti, ushahidi wa kesi. Kidhibiti hakihamishwi, hakiuawi, hakiguswi na mtu yeyote bila amri ya hakimu. Kinakaa kilipokutwa, chini ya mtu wa kukitunza, mpaka kesi iishe."

Mama alimtazama. "Nishtakiwe ili aishi."

"Ndiyo."

"Nitafungwa?"

"Huenda. Adhabu ya kifungo imo, na kibali cha bustani kinaweza kufutwa. Siwezi kukudanganya wala kukuahidi."

"Nishtakiwe mimi," mkwe alisema. "Mimi ndiye niliyemhamisha. Mimi ndiye niliyezika punda."

"Wewe nyamaza," mama alisema bila kugeuka. "Ukienda wewe, nani atabeba ndoo? Mimi nikiinua ndoo ile mgongo utabaki hapo hapo." Kisha kwa Inspekta, "Kesi huchukua muda gani?"

"Nina kesi moja ya ng'ombe aliyeibwa. Ng'ombe amezeeka, mwizi amepata wajukuu, na bado tunaahirisha."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa mama, kikapotea. "Bi Mkubwa hana umri wa kusubiri wajukuu wa mtu. Ikifika hukumu, huenda amekwisha kufa kifo chake." Aliweka mkono kwenye ukingo wa tundu, vidole vikakaza. Changarawe ililia chini ya viatu vya Afisa, sasa karibu na banda la fisi. Mama alisikiliza zile hatua. Kisha akaondoa mkono.

"Mfungulie, mkwe."

Komeo liliinuliwa. Inspekta alitoka kinyumenyume, akajikuta kwenye jua, shati limemgandia mgongoni, na mbele yake Afisa wa Idara na njiti yake.

"Unatoka jasho, kaka. Umempata?"

"Nimempata."

Afisa aliitoa njiti mdomoni kwa furaha. "Nilijua. Ngoja niwaite vijana."

"Waache vijana wapumzike. Huyu mama yuko chini ya ulinzi kwa kosa la kumficha mnyama. Mnyama ni kidhibiti changu. Hatolewi hapo."

"Amri yangu inasema aondolewe leo."

"Mpelekee hakimu amri yako. Akisaini, njoo umchukue."

Afisa alisogea, akashusha sauti kama watu wa kazi moja. "Usijitafutie makubwa. Unajua wakubwa watauliza nini?"

"Watauliza mengi. Na mimi nitawauliza kwa nini lori la kuhamisha dubu halina kizimba."

"Kizimba kinakuja."

"Na ile chokaa mlikuwa mnakwenda kupaka ukuta gani?"

Afisa aliirudisha njiti mdomoni, akaiuma ikakatika. Alimtazama Inspekta, akamtazama mama, akatema kipande cha njiti. "Nitarudi na karatasi ya hakimu," alisema. "Na jina lako nitaliandika."

"Andika. Litakuwa kwenye jalada hata hivyo."

Askari walizungusha utepe wa polisi kwenye mlango wa ghala. Inspekta alimwapisha mkwe pale pale kuwa mtunzaji wa kidhibiti, na mkwe aliitikia kila neno huku macho yake yakiwa kwa mama mkwe. Mama alikwenda kwenye gari la polisi mwenyewe, mkoba kwapani, bila kushikwa. Alipofika akamgeukia mkwe. "Samaki uwaloweke maji kwanza. Chumvi inamtia kiu."

"Ndiyo, mama."

Akaingia kiti cha nyuma. Inspekta alimwona akipapasa upande wa ndani wa mlango, akitafuta kishikio.

"Hakipo, mama. Milango hii haifunguki kwa ndani."

"Naona," alisema mama, akaweka mikono juu ya mkoba.

Inspekta aliufunga mlango. Alikuwa anazunguka gari aende mbele alipomwona mkwe akivuka ua kwa hatua ndefu, ndoo mkononi. Akadhani anakuja kuaga. Mkwe alifika kwenye gari, akaushika mlango wa nyuma, akautikisa kwa nguvu kuhakikisha umefunga.

Kisha akaona alichokifanya. Mkono ukamdondoka kama umeungua.

Mama alimtazama kupitia kioo. Hakukunja uso. Aligonga kioo kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, akaonyesha ghala kwa kichwa.

"Nenda," midomo yake ilisema. "Hajala."